Hukuchezea Timu ya Sekondari? Nenda Ukajaribu

(Mada iliyotolewa katika darasa la vijana mwezi wa Shaabani, mbele ya waliomaliza kidato cha nne na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili la Ramadhani.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, mwenye kujua mpira zaidi yangu katika darasa hili yupo, tena si mmoja. Lakini wandaaji wameniambia kwamba katika visanduku vya maswali swali hili limerudi zaidi ya mara moja: "Nimeingia chuo kikuu na natamani kujiunga na timu ya mpira. Sikuwahi kuchezea timu ya sekondari. Je, nafasi ninayo ama nitachekwa?" Swali kama hili mtu halicheki. Aliyeliandika huenda amelala nalo siku nyingi. Ameona wenzake wakitoka na daluga mabegani saa 10 za jioni, akabaki dirishani anatazama.

Jibu langu ni fupi, halafu nitalieleza kwa urefu. Nafasi ya kujaribu unayo, na hakuna wa kukuzuia. Nafasi ya kuchaguliwa sikuahidi. Hiyo inategemea utakachokionesha uwanjani, wala haitegemei ulichokifanya ama usichokifanya ukiwa kidato cha pili.

Sasa tuanze hapo. Kwa nini wengi wetu hatukucheza sekondari?

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi wavulana 800. Timu inayosafiri kwenda mashindano ina watu kama 18 hivi. Toa 18 katika 800, wanabaki 782. Je, hawa wote 782 hawajui mpira? Hapana bwana! Wengine ni wazuri sana, ila jezi zimekwisha. Na ikiwa umesomea shule zenye sifa za mpira, kama Kakamega kule magharibi ama Serani hapa Mombasa, basi kijana anayejua mpira wake vizuri aweza kumaliza miaka minne bila kuitwa hata siku moja, manake mbele yake kuna foleni ya walioletwa shuleni kwa ajili ya mpira huo huo.

Halafu kuna sisi wa madrasa. Wajua mambo yetu yalivyokuwa. Kengele ya mwisho ya shule inalia, wenzako wanabadilisha nguo wanaingia uwanjani, wewe unachukua juzuu na mkoba unakimbilia chuoni kwa ustadhi. Jumamosi na Jumapili, madrasa tena. Wakati wa michezo ndio uliokuwa wakati wetu wa kusoma. Mimi sijutii hata siku moja, na wala simwambii mtu ajute. Kile tulichokipata pale hakinunuliwi. Lakini yafaa tuseme ukweli kwamba wengi wetu hatukuikosa timu kwa sababu ya miguu mibaya. Tuliikosa kwa sababu saa ile tulikuwa mahali pengine.

Na dada zetu wana yao. Shule nyingine hazikuwa na timu ya wasichana kabisa. Nyingine ilikuwepo, lakini mavazi yake msichana wetu hawezi kuyavaa. Hao nitawarudia.

Kwa hivyo, mtu akikwambia "hukucheza sekondari", asikufanye uamini kwamba maana yake ni "huwezi kucheza". Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Pili, ni vizuri ufahamu timu ya chuo inavyofanya kazi. Kozi nyingi huku kwetu ni za miaka minne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kama robo ya wachezaji wanavaa joho wanaondoka. Kocha apende asipende, ni lazima atafute watu wapya. Ndio maana mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wiki za kwanza baada ya wanafunzi wapya kuripoti, utaona tangazo kwenye ubao wa idara ya michezo: majaribio ya mpira, siku fulani, saa fulani, uwanja fulani. Tangazo hilo halisemi "njooni mliocheza sekondari". Linasema njooni.

Wakati huo huo tusidanganyane. Vyuo havifanani. Kuna vyuo vyenye timu zinazoshiriki ligi za nje ya chuo, vikiwa na wachezaji walioletwa kwa udhamini. Huko mlango ni mwembamba. Kuna vyuo vyengine ambavyo siku ya mazoezi kocha anashukuru akiona watu 16. Kabla hujaogopa na kabla hujatamba, nenda katazame mazoezi yao mara mbili tatu. Kaa pembeni ya uwanja. Utajua wenyewe wana kiwango gani, na pale unapotaka kucheza pana watu wangapi.

Kuna mtu atasema, lakini wachezaji wakubwa wote waliibuka wakiwa watoto. Wengi, ndio. Lakini tumtazame N'Golo Kanté, ndugu yetu katika Uislamu, aliyezaliwa Paris mwaka 1991 na wazazi waliotoka Mali. Alikuwa mdogo wa mwili, na vituo vikubwa vya kulea vijana havikumchukua. Akabaki Suresnes, klabu ya kitongoji tu, mpaka akawa na umri wa miaka 19. Mwaka 2010 akaenda Boulogne, na huko nako akaanzia kikosi cha pili, huku akisomea uhasibu. Mwaka 2015 akaingia Leicester. Mwaka 2016 wakawa mabingwa wa Uingereza, mwaka uliofuata akaubeba tena ubingwa huo na Chelsea, na 2018 akashinda Kombe la Dunia na Ufaransa.

Lakini sikilizeni vizuri. Kanté alikuwa akicheza tangu utotoni. Somo lake si kwamba uanze leo, kesho uwe Kanté. Somo ni kwamba wakubwa walimtazama wakaona kimo chake, hawakuona kazi yake. Na yeye hakusimama mlangoni kubishana nao. Alikwenda kucheza pale palipokuwa na nafasi, akaendelea na masomo yake, mpaka kazi yenyewe ikamsemea.

Ama Sadio Mané, mtoto wa imamu wa kijiji cha Bambali, Senegal. Yeye mwenyewe amesimulia alivyokwenda Dakar kwenye majaribio na daluga zilizochanika na bukta isiyokuwa ya mpira, mzee mmoja akamtazama akamuuliza kama kweli na vitu vile amekuja kucheza. Akasema, ndivyo nilivyo navyo. Akapewa nafasi, na akaonesha. Kwa hivyo ikiwa kinachokuzuia ni kwamba daluga zako ni za mitumba ya Kongowea ama Gikomba, hilo liondoe moyoni leo hii. Daluga ya mtumba inayokushika mguu ni bora kuliko mpya inayokubana vidole.

Na mimi nieleze kidogo langu, si kwa kujisifu, manake hakuna cha kujisifia. Mwaka wangu wa kwanza tulifika kama watu 70 kwenye majaribio. Tulipewa namba za karatasi, tukagawanywa, nikacheza dakika 20. Jioni yake orodha ikabandikwa, jina langu halimo. Kocha akasema neno moja ambalo wengi hawakulisikia kwa sababu walishaanza kuondoka: "Anayetaka kukimbia nasi, aje. Jezi sina, lakini uwanja ni mpana." Kesho yake tulikuja watu 11 katika tulioachwa. Mwezi wa pili tukabaki wanne. Mimi nilikuwa naokota mipira, nabeba koni, na pale beki wa kushoto akiumwa ama ana mtihani naambiwa ingia. Mwaka wa pili nikaandikishwa. Mechi yangu ya kwanza nilicheza dakika 12. Sijawa nyota mpaka leo, nakaa benchi kuliko ninavyocheza. Lakini ni mchezaji wa timu ya chuo changu, na sikucheza sekondari hata dakika moja. Waswahili wamesema, asiyekuwepo na lake halipo. Wale wengine hawakushindwa mpira, hawakuwepo tu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Ikiwa majaribio yako baada ya miezi miwili hivi, ufanye nini?

Kwanza ni pumzi. Mchezaji katika mechi ya dakika 90 hukimbia na kutembea jumla ya kama kilomita 10, lakini si mbio za mfululizo. Ni kukimbia kwa kasi, kusimama, kugeuka, kutembea, kukimbia tena. Kwa hivyo kukimbia polepole nusu saa barabarani ni kuzuri, lakini hakutoshi. Mara tatu kwa wiki pima mita 30, kimbia kwa nguvu zako zote, rudi ukitembea, rudia mara 10. Pumzika, rudia tena. Wiki ya kwanza utatapika. Wiki ya nne utashangaa. Walio karana na bahari wana uwanja wa bure, mchanga wa ufuoni maji yakitoka. Na mwenye pumu ama aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo, apite zahanati ya chuo kwanza kabla ya yote haya.

Pili ni kutuliza mpira. Hapa ndipo tusiocheza sekondari tunapojulikana mara moja. Si chenga, si mashuti. Mpira unakuja, unakugonga, unakwenda mita tatu mbele, adui anauchukua. Kocha mwenye macho hahitaji kuona zaidi. Dawa yake ni ukuta na mpira. Piga ukutani, utulize kwa mguu wa kulia, urudishe. Halafu wa kushoto. Mara 100 kila mguu, kila siku. Ni jambo la dakika 20, halihitaji mtu wa pili wala uwanja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Tatu, cheza na watu. Ukuta haukukabi. Tafuta timu ya mtaa, hata ile inayocheza pale kiwanja cha vumbi nyuma ya msikiti, uwaombe wakuweke. Timu za mtaa zinakufunza kitu ambacho hakipatikani peke yako, nacho ni kujua wenzako wako wapi kabla mpira haujakufika. Kabla hujaupokea, geuza shingo utazame nyuma. Jambo dogo hili makocha wanalipenda mno, kwa sababu linaonesha mtu anafikiri.

Nne, zijue sheria. Mpira una sheria 17, na sisi tuliojifunzia kwenye televisheni tunajua nusu nusu. Mfano ni huu wa kuotea. Wangapi hapa wanajua kwamba huwezi kuhesabiwa umeotea ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mrusho, ama kona, ama mpira wa goli? Mnaona, mikono ni michache. Mtu asiyejua haya anasimama wakati wenzake wanakimbia. Kanuni hizi zapatikana kwenye intaneti bila malipo. Zisome kama unavyosoma notisi za mtihani.

Tano, chagua sehemu moja. Ukiulizwa "wacheza wapi?", usijibu "popote". Popote ni hapana. Washambuliaji na viungo wa katikati huwa ni wengi, kila mtu ataka kufunga. Mlinda lango huwa ni wachache, mabeki wa pembeni ni wachache, na mwenye mguu wa kushoto ni mali. Mimi ningekuwa mtu wa mkono wa kulia na mguu wa kulia tupu, basi ningejilazimisha kushoto mpaka ukubali, na ndivyo nilivyofanya.

Sasa siku imefika. Kula mapema, jambo jepesi. Fika nusu saa kabla. Chukua kinga za ugoko, maji yako, na jezi isiyokuwa na jina la mtu mgongoni. Salimia. Jitambulishe kwa nahodha, umwambie ukweli: "Mimi sikucheza sekondari, nacheza beki wa kushoto, nimekuja kujaribu." Usibuni historia. Kuna jamaa husema alichezea timu fulani ya kaunti, na kumbe aliyekuwa nahodha wa timu hiyo amesimama nyuma yake. Uongo ni haramu kabla ya mpira, na ndani ya mpira unaaibisha haraka zaidi.

Ukiingia uwanjani, fanya mambo mepesi. Pokea, toa, sogea. Mtu mgeni katika majaribio hufikiri kwamba ana dakika 20 za kuonesha maajabu, kwa hivyo kila akipata mpira anataka kupiga chenga watu watatu. Anawapita wawili, wa tatu anamnyang'anya, halafu anasimama ashike kiuno. Hapo kwishney. Kocha hatazami tu unapokuwa na mpira. Katika dakika 90 mchezaji mmoja huwa na mpira mguuni dakika chache mno. Zilizobaki zote hana. Basi anatazama ukishapoteza wafanya nini. Warudi mbio, ama walaumu wenzako? Ukikosewa pasi, wanyoosha mikono mbinguni, ama wasema "haidhuru, tena"? Sema uwanjani. "Mtu nyuma!" "Una muda!" "Rudisha!" Asiyekuwa na ujuzi mwingi aweza kuwa na sauti nzuri, na sauti inaisaidia timu.

Kuna jambo la swala. Mazoezi mengi huanza saa 10 na kumalizika karibu saa 12 na nusu, yaani yamebanwa kati ya Alasiri na Magharibi. Swali Alasiri yako kabla hujavaa daluga. Na Magharibi, ongea na nahodha mapema, kwa adabu, kabla haijafika siku ya mechi. Usitoroke kimya kimya halafu ukasema walininyima. Wenzetu wasiokuwa Waislamu, wengi wao wakielezwa huelewa. Bukta ikiwa fupi, vaa taiti refu ndani ama omba saizi inayopita magoti, hakuna refa atakayekufukuza kwa hilo. Ila rangi ifanane na bukta, hiyo ni kanuni.

Na Ramadhani je? Mwezi huu husogea siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo kuna miaka utaangukia katikati ya mashindano ya vyuo. Hukumu za swaumu waulizeni masheikh wetu, mimi si mufti. Ninachoweza kukwambia ni kama mchezaji. Siku zetu huku Kenya hazirefuki wala hazifupiki sana, ni kama saa 13 na nusu hivi, na hilo ni rahisi kulipangia. Mbio nzito ziondoe mchana. Mazoezi ya mpira yasogeze yawe saa ya mwisho kabla ya Magharibi, ili ukimaliza tende na maji viko karibu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, usiyabugie yote kwa pamoja. Na zile mechi za usiku baada ya tarawehe ambazo huchezwa mitaani, zinatosha kabisa kuulinda mguu usisahau. Lakini ziwe baada ya tarawehe, si badala yake!

Tarehe 26 Aprili 2021, Leicester walicheza na Crystal Palace jioni ya Ramadhani. Timu hizo mbili zilikubaliana kabla ya mechi na refa. Jua lilipotua, kama nusu saa baada ya mpira kuanza, kipa wa Palace aliyekuwa na mpira wa goli akangojea kidogo, na Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wakafuturu pembeni. Mechi ikaendelea. Haikuchukua hata dakika mbili. Hakuna aliyepoteza kitu. Hilo lilifanyika kwa sababu watu walizungumza mapema. Ikiwa liliwezekana kwenye ligi ile yenye kamera dunia nzima, halishindikani kwenye uwanja wa chuo chetu.

Dada zangu, nilisema nitawarudia. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu. Watu wakasema basi, mlango umefungwa. Haukufungwa. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa rasmi, kufunika kichwa kukaruhusiwa. Na tarehe 30 Julai 2023, Nouhaila Benzina wa Moroko akaingia uwanjani akiwa na hijabu yake, wa kwanza katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa, na timu yake ikaifunga Korea Kusini 1-0. Kwa hivyo akija mtu wa idara ya michezo akakwambia sheria haziruhusu, mjibu kwa upole kwamba sheria zimeruhusu tangu 2014. Mambo ya nani anatazama, ni uwanja gani na saa gani, hayo zungumzeni na wazazi na walimu wenu. Kuna vyuo ambavyo wasichana hufanya mazoezi asubuhi ama ndani ya ukumbi.

Haya. Umefanya yote, orodha imebandikwa, jina lako halimo. Inauma. Nakwambia mimi niliyesoma karatasi ile mara tatu nikidhani labda limeandikwa vibaya. Usiku ule hutaki kula. Ni sawa, lala. Kesho mwendee kocha, si kumuuliza "kwa nini umeniacha?", bali umuulize: "Nikazanie nini ili nirudi muhula ujao?" Kuuliza si ujinga. Akikwambia pumzi, umepata kazi ya miezi mitatu. Akikwambia kutuliza mpira, rudi ukutani.

Na usingojee muhula ujao ukiwa umekaa. Karibu kila chuo kina mechi za kitivo kwa kitivo, hosteli kwa hosteli, na jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu nyingi zina timu yao. Cheza huko. Makocha wa chuo hupita kutazama. Pia kuna kazi ya urefa, kuna kutunza vifaa, kuna kuandika takwimu za mechi. Timu si watu 11 peke yao. Na ikiwa mwaka wa pili na wa tatu bado hukuchukuliwa, basi utakuwa umepata afya, marafiki, na jioni zako hazikupotea kwenye vibanda vya miraa. Hiyo si hasara hata kidogo.

Nanyi wazee wetu mliohudhuria, naomba neno moja kwa heshima zote. Najua mpira kwenu una sura ya uhuni, na mmeona walioacha shule kwa ajili yake. Mna haki ya kuogopa. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na masahaba walifundishwa kutupa mishale na kupanda farasi. Mwili nao una haki yake. Kijana akikwambia anataka kujaribu timu ya chuo, usimfungie mlango moja kwa moja. Mwekee masharti: swala kwa wakati, alama zisishuke, nyumbani ama hosteli kabla ya Isha. Akiyavunja, mwite. Akiyatimiza, siku moja nenda kamtazame. Wallahi, atacheza kama watu wawili.

Nawe mwanafunzi, masharti hayo jiwekee mwenyewe hata kama mzazi yuko mbali. Mazoezi ni saa mbili, siku nne kwa wiki. Hizo ni saa 8. Wiki nzima ina saa 168. Mwenye kusema mpira umemfelisha, mara nyingi ukichunguza utakuta ni simu na baraza, ila mpira ndio unaosingiziwa.

Mwezi wa Agosti 2025 tuliona Harambee Stars ikiifunga Moroko 1-0 pale Kasarani katika mashindano ya CHAN, na wiki ile kila kijana wa nchi hii alitamani kuwa na mpira mguuni. Tamaa ile ni nzuri, lakini hupoa. Kinachobaki ni yule anayeamka alfajiri, akasali, akaenda ukutani na mpira wake na hakuna anayemtazama.

Basi aliyeandika kile kikaratasi, popote ulipokaa humu ndani, sikujui na sitaki kukujua. Nakwambia tu hivi: wiki ya kwanza chuo kikifunguliwa, pita idara ya michezo, uliza siku ya majaribio, uiandike. Watakaocheka watacheka dakika moja, halafu mpira utaanza na kila mtu atashughulika na wake.

Wabillahi tawfiq. Ramadhani Kareem. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.